Uliza Ujibiwe: Barua za Kamau

SWALI: Naandika riwaya ya Murang'a, mwaka 1917. Kamau anachukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza vitani. Kila mwezi anampelekea mchumba wake, Wangari, barua na shilingi tano. Rafiki yangu aliyesoma mswada anasema haumwingii akilini. Nimekosea wapi? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Shilingi ni kosa dogo, dada. Mwaka huo pesa ilikuwa rupia. Shilingi ilikuja 1921. Barua ndizo zinazoangusha kisa. Wapagazi wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Tena Kamau alitoka kambi ya Nairobi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, iliyouachia mtaa wa Kariakor jina lake, akapanda gari moshi hadi Mombasa, kisha meli hadi Kilwa au Lindi, mbali mno kwa barua za kila mwezi.

Ukizing'ang'ania barua, mfanye mwanafunzi wa misheni na umtie katika kikosi cha wafuasi wa misheni alichokiongoza mmisionari Daktari John Arthur mwaka huohuo. Lakini wale waliangaliwa vizuri, vifo vyao vikawa vichache. Ukitaka Kamau afe, njia hiyo inakubana.

Mimi ningezifuta barua zote, nimpe Kamau rafiki wa kijijini, tumwite Mugo, wabebe mizigo pamoja. Kifo nacho kisiwe cha risasi. Waliouawa na maradhi walikuwa wengi zaidi. Onyesha sufuria: unga wa mahindi wenye chenga, kuni zimelowa, giza limeingia, posho inaepuliwa haijaiva. Tumbo lililozoea viazi vitamu na njahi halikuiweza. Ikafuata kuhara damu, na Mugo ndiye anayemsafisha mwenzake. Urafiki wao uonekane hapo, bila maneno mengi.

Kwa Wangari, shika kalenda ya shamba. Msako mkubwa wa wanaume ulianza karibu Machi 1917, mvua ndefu zikikaribia. Kufyeka pori jipya ilikuwa kazi ya wanaume, kwa hiyo sehemu hiyo inabaki magugu. Kwingine wanawake wanalimiana kwa zamu, yaani ngwatio, na humo ndimo utamweka shoga yake.

Mugo arudi baada ya Novemba 1918, vita vimekwisha, nyumbani kuna njaa na homa kali ya mafua. Mshahara wa Kamau usifike. Mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Usimpe Mugo hotuba. Amkute Wangari shambani katikati ya wenzake, na mkononi awe na blanketi mbili.