Kabla ya kununua kipimo cha vinasaba, fungueni orodha ya dawa

Mimi ni mfamasia, na vikao vya kamati ya dawa na tiba nimevikaa vya kutosha. Siku hizi hakosi mtu wa kutushawishi tununue vipimo vya vinasaba. Ushauri wangu kwa wenzangu: msianze na mashine. Anzeni na dawa zilizopo stoo, mjiulize ni ipi ambayo vinasaba vya mgonjwa vinaweza kuifanya imdhuru au isimsaidie kabisa.

Chukueni kodeini, dawa ya maumivu. Ini ndilo huigeuza kuwa mofini, kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Wapo watu wenye nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho, na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye wengi zaidi. Mtoto wa namna hiyo akipewa kodeini baada ya kutolewa matonsili, mofini inamjaa mwilini hadi pumzi inaweza kukata usingizini. Mwaka 2017 Marekani ilielekeza asipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka 12. Hapo sioni sababu ya kumpima mtu. Futeni sirapu ya kodeini kwenye orodha ya watoto, basi.

Abakaviri, dawa ya VVU, ndiyo yenye mtego. Mwenye jeni ya HLA-B*57:01 anaweza kupata mzio mkali, na tumezoea kuambiwa eti Waafrika hawana jeni hiyo, kipimo ni cha Wazungu. Waafrika gani? Katika sampuli zilizochukuliwa Kenya, ilionekana kwa asilimia 13.6 ya Wamasai na asilimia 3.3 ya Waluhya. Kwa Wayoruba wa Nigeria, sifuri. Hospitali ya Narok, kwa Wamasai, ikinakili uamuzi wa Lagos, kwa Wayoruba, itakuwa imejidanganya. Na dawa hii tunawapa watoto wenye VVU kila siku. Kama kipimo hakipatikani, wafundisheni wauguzi na wa dirishani: homa, vipele, kutapika au kikohozi, viwili au zaidi vikija pamoja wiki za mwanzo, mtoto aonwe na daktari siku hiyohiyo. Daktari akishindwa kuondoa shaka ya mzio, dawa inasimamishwa na hairudishwi tena maishani, maana dozi ya kurudia inaweza kuua.

Wakati mwingine dozi ndiyo humaliza ubishi. Tangu 2012 WHO inaruhusu primakwini ya mara moja, miligramu 0.25 kwa kilo, kuzuia mgonjwa wa malaria ya falsiparamu asiambukize wengine kupitia mbu, bila kupima G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; mwenye upungufu wake primakwini inaweza kumvunja chembe hizo. Ile ya siku 14 kwa malaria ya vivaksi ni habari nyingine. Hapo kipimo nakitaka, na nitakigombania kwenye bajeti.

Mkishakubali kununua, ulizeni majibu yanarudi baada ya muda gani (dozi ya kwanza haisubiri sampuli iliyosafirishwa nje ya nchi) na yataandikwa wapi. Jeni haibadiliki, lakini faili hupotea. Sisi tunayaandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili na kwenye kadi anayobaki nayo mgonjwa, palepale tunapoandika mzio wa penisilini.