Maswali na majibu: Wageni wa sikukuu na mfuko mdogo

Sikukuu ikikaribia, barua zote huwa za jambo moja. Nimechagua hizi saba.

Nataka kualika ndugu nyumbani. Ninunue mchele kilo ngapi?

Watu wangapi? Kila mwaka naulizwa swali hili, na kila mwaka wengi wenu hamtaji idadi. Chukua karatasi uandike majina, moja baada ya jingine, watoto wakiwemo. "Watu wa kawaida tu" si idadi.

Ukishajua mko wangapi, kilo moja ya mchele mkavu hutosha watu wazima kumi, na hata kumi na wawili kama kuna chakula kingine cha kushibisha. Nyama yenye mifupa, kadiria robo kilo kwa mtu mzima. Isiyo na mifupa, gramu 150 hadi 180, na kumbuka kwamba nyama ikiiva hupungua karibu robo ya uzito wake. Mtoto mdogo mhesabie nusu. Kisha ongeza sahani moja kwa kila watu kumi, kwa ajili ya atakayekuja bila taarifa. Usizidishe mara mbili. Wengi wetu tunapika kwa kuogopa kuitwa wachoyo, na chakula tunachomwaga kesho yake kingewalisha watoto wiki nzima.

Mwaka huu hali ni ngumu, lakini ukoo mzima umezoea kuja kwangu. Nichukue mkopo mdogo wa kwenye simu, nilipe mwezi ujao?

Usichukue. Mkopo wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka, na hapo hujachelewa kulipa wala hujakopa kwingine ili uzibe pengo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nimeandika hivi mara nyingi na nitaendelea kuandika, kwa sababu ninaona watu wazima wenye akili zao wakianza mwaka na deni la chakula kilichokwisha siku moja.

Waambie mapema, wiki mbili kabla, na useme wazi: "Mwaka huu mimi natoa nyumba na wali. Kaka, nyama ni yako, kilo nne. Shangazi, tunakuomba matunda. Vijana, vinywaji." Taja kitu na kiasi chake. Ukisema "njooni na chochote" utaletewa soda na wageni wote, na nyama haitaonekana. Njia nyingine ni kubadilisha saa. Waalike alasiri, katikati ya mlo wa mchana na wa jioni, uwape chai na vitafunwa. Mwenye mwaliko wa saa kumi hategemei kukuta karamu, mradi umetaja chai kwenye mwaliko wenyewe.

Kuwaambia wageni waje na chakula si aibu?

Si aibu. Aibu ni kujificha kwa anayekudai.

Kila sikukuu napika tangu alfajiri. Wageni wanaondoka sijakaa nao hata dakika kumi. Mume wangu anasema napenda kujihangaisha mwenyewe.

Dada yangu, picha hiyo naijua: mama amesimama kando ya karo, aproni imelowa, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko na huo ndio mlo wake wa sikukuu, huku sebuleni watu wanacheka. Hujihangaishi. Umeachiwa kazi ya watu sita.

Punguza vyakula vibaki vitatu, na kimoja kiwe cha kupikwa jana yake, kama maharage au mchuzi wa nyama, kilale kwenye friji. Vitunguu vikatwe usiku. Usijaribu pishi jipya siku yenye wageni. Kama jiko lako lina nafasi ya sufuria mbili tu, usipange vyakula vinne vinavyotakiwa kuiva kwa wakati mmoja. Weka chakula mezani kila mtu ajipakulie.

Kisha gawa kazi kwa majina, kabla ya siku yenyewe: wa kupokea wageni, wa vinywaji, wawili wa kuosha vyombo. Wavulana nao waoshe. Na wewe baba mwenye nyumba, kama una muda wa kusema mkeo anajihangaisha, una muda wa kumenya viazi.

Wali ukibaki usiku, nikiuacha jikoni na kuuchemsha vizuri asubuhi, si vijidudu vinakufa?

Vijidudu vinaweza kufa, sumu yao ikabaki. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa kupashia. Ndiyo maana mtu anakula kiporo cha moto kabisa na bado anatapika.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili kwenye joto la kawaida: ama kikae juu ya nyuzi 60, ama kiingie kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Msiingize sufuria kubwa nzima kwenye friji. Ukifunua asubuhi, juu pamepoa na katikati bado kuna uvuguvugu. Gawanya kwenye vyombo vipana visivyo na kina. Huna friji? Pika kwa idadi uliyoandika, na kilichobaki wagawie wageni mapema waende nacho. Kiporo cha friji kipashwe mara moja tu, mpaka kitoe mvuke hadi katikati.

Mvua ikinyesha naweza kuingiza jiko la mkaa ndani?

Usithubutu, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na imeua familia nzima zikiwa zimelala. Pikia nje kwenye kibanda kisicho na kuta, mbali na milango na madirisha.

Shemeji yangu huja na watu watano bila kusema. Nifanyeje?

Mpigie simu siku mbili kabla: "Shemeji, mnakuja wangapi?" Ungoje namba. Muulize pia kama yupo mwenye mzio wa karanga, mayai au samaki, jambo ambalo wenyeji wengi hawaulizi mpaka mtoto avimbe midomo. Akija na watano hata hivyo, wakaribishe vizuri, punguza vipande vya nyama jikoni kabla ya kupeleka mezani, na usimtume mtu dukani.

Na zamu ya mwakani ifanyike kwake. Mwambie siku hiyohiyo, ndugu wote wakisikia.