Barua kwa mwanangu kuhusu kitabu kilichokuwa chini ya mto

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unaniuliza kama inafaa mjukuu wangu, kwa miaka yake 15, asome Rosa Mistika, uliyoikuta chini ya mto wake hapo Iringa, imefunikwa kwa karatasi ya gazeti ili jalada lisionekane. Mrudishie, mama, ila usimwache aisome peke yake.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya kitandani yaliyomo, ingawa baadaye iliruhusiwa na ikafundishwa. Katika shule moja ya wasichana niliyofundisha, nakala yake ilikuwa ikizunguka bwenini kwa siri. Siku niliyoikamata niliiweka mezani, nayo ikajifungua yenyewe pale pale palipochakaa kwa kushikwashikwa, wakati kurasa za mwanzo, zinazoeleza maisha ya nyumbani kwa Zakaria, baba yake Rosa, zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani jana. Wasichana wale walikuwa wamesoma anguko la Rosa bila kusoma chanzo chake, na sisi walimu ndio tuliowazoesha kusoma hivyo, kwa maana kitabu kinachosomwa kwa tochi chini ya blanketi husomwa kwa kurukaruka. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Unaziogopa kurasa zile, nami sikulaumu, kwani wewe ni mzazi. Lakini mimi nikikipima kitabu cha vijana sihesabu mara ngapi watu wamelala pamoja. Naangalia mwandishi anamtaka msomaji aone nini. Viko vitabu ambavyo mwili wa msichana huelezwa ili ukodolewe macho, kisha hadithi ikaendelea kama vile hakuna aliyeumia, na vitabu vya namna hiyo ningemnyang'anya bila majadiliano. Kezilahabi hafanyi hivyo. Anaanza na baba mlevi anayempiga bintiye vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana, anayemlinda kwa fimbo bila kumweleza lolote, hata Rosa anapokwenda kusoma mbali na nyumbani hana kinga nyingine isipokuwa woga, na woga huo ukishamtoka hakuna kinachobaki cha kumshika mkono. Wanaume wanaomtumia nao hawafichwi. Kumbuka pia kwamba mwaka huo huo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Yaani msichana wa umri wa mjukuu wangu sheria ilimwona yuko tayari kwa ndoa, huku shule ikimwona hayuko tayari kusoma kuhusu msichana mwenzake.

Kinachonitia hofu mimi ni mwisho. Charles, mchumba wake Rosa, anamkataa kwa kuwa hakumkuta bikira, na Rosa anajitoa uhai. Kisanaa mwisho huo una nguvu, kwa sababu hautupi faraja ya uongo, lakini msichana wa miaka 15 anaweza kuusoma akaamini kwamba aliyeteleza hana pa kurudi. Hapo ndipo ninapotaka uwe umeketi karibu naye. Mwambie kwamba tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua akiwa mwanafunzi anaruhusiwa kurudi shuleni, na mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba likimpata lolote, aje kwako kwanza, usiku au mchana.

Usianze kwa kumhoji kuhusu kurasa zilizokutisha, kwani atanyamaza. Muulize kuhusu Zakaria: kama anadhani alimpenda binti yake, na kama ndivyo, kwa nini upendo huo haukumfikia. Utashangaa atakavyokuwa na mengi ya kusema, na huenda mengine yakakuhusu wewe, au mimi niliyekulea kwa ukali, yapokee.

Tukimaliza kuvuna viazi nitapanda basi nije huko. Nakala yangu nitakuja nayo, msome kila mmoja na yake, na lile gazeti mlitoe kwenye jalada.

Ni mimi,
Mama yako