Usiufukie moto wa kambini

Asubuhi moja kambini nilikuwa nakunja hema nikahisi joto kwenye nyayo. Nilikuwa nimesimama pale tulipoota moto usiku. Kabla ya kulala tuliufukia kwa mchanga, tukaukanyaga, tukaamini umekufa. Nilipofukua kwa kijiti nikakuta kaa zima, na kale kaupepo ka asubuhi kalipolipuliza tu, likawa jekundu. Zilikuwa zimepita saa nane.

Tangu siku hiyo sifukii moto. Mchanga huyafunika makaa yakatunza joto lake, kama vile mchoma mkaa anavyofunika tanuri kwa udongo ili kuni ziungue polepole. Mtoto akipita hapo pekupeku, ataungua mahali ambapo hakuna hata moshi wa kumwonya.

Moto wa kuni huzimwa kwa maji. Simama upande upepo unakotoka, maana mvuke na majivu ya moto huruka, kisha mimina kidogo kidogo. Koroga kwa kijiti, geuza kila kigogo, mimina tena mpaka usisikie chochote kikichachatika. Halafu sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukiona hakuna joto, yaguse. Yakiwa bado na uvuguvugu, rudia. Mimi huanza kazi hii nusu saa kabla ya kuondoka.

Lakini kuzima kunakuwa rahisi ukiwa umechagua mahali vizuri. Tafuta penye udongo mtupu, pasipo matawi juu, mbali na hema. Fagia majani na nyasi upate uwanja wa mita 3 hivi. Ukichimba kidogo ukakuta mboji au mizizi, hama: moto huingia humo ukafukuta chini kwa chini na kuibukia kwingine. Mawe ya kuzungushia usiyatoe mtoni, kwani maji yaliyonaswa ndani yake yakichemka, jiwe hupasuka na vipande huruka.

Petroli usiiguse kabisa. Vijiti vikavu vyembamba vinatosha kukokea, na moto wenyewe uwe mdogo, wa kukaa karibu nao. Asikosekane mtu wa kuulinda, hata kwa dakika chache.

Ndoo ya maji huijaza kabla sijagusa kiberiti. Pakiwa na upepo mkali, au maji yaliyopo ni ya kunywa tu, siwashi. Tunakula chakula baridi, tunajifunika mablanketi, tunalala.