Usimwage hiyo dawa ya kuziba rejeta. Pima presha ya mfumo wa maji kwanza

Mkuu, hiyo chupa ya dawa iache ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Nimesoma ulichoandika mara mbili: gari la miaka ya tisini, linapoteza karibu nusu lita ya maji kila baada ya siku mbili, chini pakavu, fundi kakwambia utoe themostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) na umwage dawa ya kuziba. Unauliza umwage yote au nusu, kulanti (maji ya kupoozea injini) ya rangi gani inafaa, na kama gari litahimili safari ya kilomita 600 mwisho wa mwezi. Nilipofika hapo kwenye "yote au nusu" moyo ukanienda mbio, kwa sababu mimi nilimwaga yote.

Gari langu lilianza hivyo hivyo. Nililipata kwa bei ya chini, injini ya silinda nne, hedi (kichwa cha injini) ya alumini, inawaka kwa ufunguo mmoja. Aliyeniuzia aliniachia dumu la lita tano la maji kwenye buti, na mimi sikumuuliza dumu lile linafanya nini mle. Baada ya wiki moja chupa ya akiba ilikuwa imeshuka, nikaongeza. Wiki iliyofuata nikaongeza tena. Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti kuchungulia chini ya injini na sioni hata tone. Nikalipeleka kwa fundi. Alifungua boneti, akatazama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akafunga. Akaniambia, "Magari ya zamani yanakunywa maji, wewe ongeza tu."

Naomba hilo neno ulifute kichwani. Gari halinywi maji. Petroli inaungua, na hata oili kidogo inaweza kuungua, lakini maji ya rejeta yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: pampu inayasukuma kwenye bloku (mwili wa injini), yanapanda hedi, yanaingia rejeta, yanarudi. Mfumo ukiwa mzima unaweza kukaa miezi mingi bila kuongeza chochote. Yakipungua, kuna mahali yametokea, na mahali hapo panaonekana ukipatafuta. Mtu anayekwambia gari linakunywa maji anakwambia kwamba yeye hataki kutafuta.

Nikaongeza kwa miezi minne, maji ya bomba matupu. Kulanti iliyokuwemo ikazidi kuwa nyepesi mpaka yaliyobaki mle yakawa ya kahawia, kutu tupu. Nilipolalamika, muuza spea akanipa ile chupa, akasema dakika kumi tu tatizo limekwisha. Fundi akaunga mkono. Nikamwaga yote.

Kwa siku tisa maji hayakushuka. Niliwasifia watu wale, wallahi. Siku ya kumi hita ikaacha kutoa joto, nikasema hita siihitaji. Baadaye nikagusa rejeta baada ya kuzima gari: juu inaunguza, chini baridi. Hapo ningepaswa kujua kwamba dawa imeshaziba mirija myembamba ya rejeta na ya hita, kwa sababu dawa haina macho. Inaganda popote ilipopata njia nyembamba, iwe ni tundu linalovuja au ni mrija unaopaswa kupitisha maji. Wahenga walituonya tusipoziba ufa tutajenga ukuta, lakini hawakusema tuuzibe kwa kitu tusichojua kitakwenda kuganda wapi.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo lililoniua. Nilikuwa napanda mlima, mshale wa joto ukaanza kusogea mpaka ukakaribia nyekundu. Nikapunguza mwendo. Mara mshale ukashuka wenyewe, ukarudi katikati kabisa. Nikashukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Kumbe haukushuka kwa sababu injini imepoa. Sensa ya joto inasoma vizuri ikiwa imezama majini. Maji yalikuwa yameisha, sensa imebaki kwenye hewa na mvuke, na chuma kinaungua huku mshale unaniambia kila kitu shwari. Niliendesha kama kilomita saba hivi. Nikasikia injini inagonga, nguvu zikakata, ikaja harufu kama ya rangi iliyoungua, gari likazima lenyewe katikati ya barabara.

Ukiona mshale umepanda kisha umeshuka ghafla bila wewe kufanya lolote, zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza hatua kumi ufike nyumbani.

Hedi ilipofunguliwa nilikuwa nimesimama pembeni. Mchonga hedi aliisafisha, akaweka juu yake rula ya chuma iliyonyooka, akachukua fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia upana wa mwanya. Kikomo cha hedi kupinda kwenye kitabu cha injini ile ni milimita 0.05. Akaingiza jani la 0.05 kati ya rula na hedi, likapita bila kugusa. Akachukua la 0.10, likapita. La 0.15 ndilo lililokwama. Hakusema neno, alinionyesha tu kidole chake kilipokuwa kimesimama, katikati ya silinda ya pili na ya tatu, mahali ambapo gasketi (kizibo cha kati ya hedi na bloku) ilikuwa imeungua mpaka imekuwa nyeusi. Kisha akachokonoa njia za maji kwa waya, akatoa tope la kahawia lenye vipande vidogo vinavyong'aa. Ile dawa yangu.

Kuchonga hedi, gasketi mpya, bolti mpya za hedi, rejeta nyingine, hita nyingine, oili, na wiki tatu bila gari. Jumla ilikaribia nusu ya bei niliyolinunulia gari lenyewe.

Na chanzo? Fundi wa pili, aliyekuwa anafunga injini, aliniita na tochi. Nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari, inapita hosi ya hita. Klempu yake ilikuwa imeliwa na kutu. Chini yake moja kwa moja kuna manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini), na juu ya manifoldi kulikuwa na ukoga mweupe, mrefu kama kidole, umeganda kama chumvi ya birika. Miezi yote ile tone lilikuwa linadondokea ekzosi ya moto na kukauka kabla halijafika chini. Ndiyo maana niliona pakavu. Klempu moja na kipande cha hosi, kazi ya nusu saa, na yule wa kwanza angeinamisha kichwa tu angeuona ule weupe. Sina kinyongo na mtu asiyejua. Nina kinyongo na mtu asiyejua anayekupa jibu kwa sauti ya anayejua, halafu anakuuzia na chupa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: pima presha injini ikiwa baridi kabla hujamwaga dawa, hujanunua wala hujatoa chochote. Tafuta fundi mwenye pampu ya kupimia mfumo wa maji. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inafungwa pale unapokaa mfuniko wa rejeta. Jaza maji mpaka juu, pampu taratibu mpaka kwenye namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, mara nyingi ni 0.9 au 1.1, na usizidishe hapo. Kisha uache dakika 15 au 20 na utazame mshale. Ukitulia, pima na mfuniko wenyewe, kwa sababu mpira wake ukichoka unaachia mvuke mapema na maji yanatoka kidogo kidogo kila ukiendesha. Mshale ukishuka, maji yanatoka saa hiyo hiyo, na kwa kuwa injini ni ya baridi tone halikauki. Chukua tochi na karatasi nyeupe ya kufutia, pitisha chini ya kila kiungo cha hosi, kwenye kitundu kidogo chini ya wota pampu, kwenye mishono ya rejeta, na nyuma kule kwenye hosi za hita ambako hakuna anayependa kuingiza mkono. Karatasi ikilowa umepapata. Tafuta pia weupe, ukijani au uwekundu uliokauka, maana kulanti ikikauka inaacha alama yake.

Nje kukiwa pakavu na mshale bado unashuka, gusa kapeti upande wa abiria kwa ndani. Ikiwa imelowa na kuna harufu tamu tamu, vioo navyo vinapata ukungu unaonata, ni hita ndiyo inayovuja. Kapeti ikiwa kavu, toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi iliyooshwa, nyeupe safi kuliko wenzake, imekuwa inapata maji, na hapo ni gasketi ya hedi. Kuna pia kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inawaka: ikigeuka njano, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hilo litakuuma mfukoni, lakini bora ulijue leo hedi ikiwa bado haijapinda.

Nasisitiza injini iwe baridi kwa sababu nyingine pia. Kwenye presha ya mfuniko wa 1.1 maji hayachemki mpaka yapite digrii 120 hivi. Ukifungua mfuniko yakiwa kwenye digrii 110, presha inaondoka na yote yanachemka kwa mpigo, yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kushika hosi ya juu ya rejeta kwa kiganja na kuibonyeza bila kuhisi presha.

Na themostati usiitoe. Haikuvujisha maji yako. Kwenye injini nyingi inafunguka kuanzia digrii 82 mpaka 88, na ukiiondoa injini inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta na kuchakaa. Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye bloku bila kupita rejeta, na gari linachemsha zaidi mlimani. Huyo fundi wako amekupa mambo mawili na yote mawili hayajagusa swali la maji yanatokea wapi. Hilo tu lingenitosha kubadilisha fundi.

Hebu kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti, washa tochi, angalia nyuma ya injini juu ya manifoldi ya ekzosi. Ukiona weupe piga picha uiweke hapa. Usipouona, tafuta hiyo pampu, halafu niandikie mshale umeshuka kutoka ngapi hadi ngapi na kwa dakika ngapi. Nitakuwa naangalia huu uzi.