Kozi ya usalama wa mitandao chuo cha wilayani, itawezekana?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni mwalimu wa kompyuta chuo cha maendeleo ya wananchi, tunataka kufundisha mafundi wa usalama wa mitandao ila kompyuta ni chache za zamani na intaneti inasuasua, tuanzie wapi?

JIBU: Anza na hizo hizo mwalimu wangu. Vyuo hivi vilianza 1975 kwa ajili ya watu wa vijijini, sasa kwa nini elimu hii ibaki Dar? Wekeni Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, unganisheni mashine kwa swichi moja ya mtandao bila intaneti kabisa, mojawapo iwe seva yenye Wireshark, programu ya kuonyesha data inayopita kwenye mtandao, halafu mwanafunzi aingize pasiwedi ya majaribio kwenye ukurasa wa http, wenzake waione imekaa wazi kwenye skrini, kisha warudie kwa https, inayoficha data kwa msimbo, waone haisomeki tena. Hapo hawasahau! Ila wafanye kwenye mtandao wenu tu, kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Fildi waombeeni SACCOS au zahanati za karibu, na nakazia hapa, wajifunze kurudisha data kutoka kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba, sio kuihifadhi tu.