Mbegu za seleri hazioti

SWALI: Mhariri, mara mbili nimepanda mbegu za seleri nyumbani, nikazifukia kama maharage, lakini hazijaota. Nimekosea wapi?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limo katika huko kuzifukia, kwa kuwa mbegu ya seleri ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili iote. Ziloweke usiku mmoja, uzitawanye juu ya udongo laini wenye mboji, uzikandamize kidogo bila kuzifunika, kisha uulinde udongo usikauke wala kupigwa na jua kali. Huota baada ya wiki 2 hadi 3, muda ambao wengi wetu hukata tamaa na kumwaga udongo. Miche ihamishwe ikiwa na majani 5 au 6. Ubaridi wa Lushoto utaifaa.